Naongoza mbio yote, ku kona ya mwisho wananipita

SWALI: Yaya, mi niko kijana wa Majengo, hapa Goma. Niko nacheza gemu ya mbio za magari, Need for Speed: Most Wanted, ile ya 2005, ku PlayStation 2 ya binamu. Niko mu karyera, ile ya kupiga wapinzani mmoja mmoja; Sonny, mpinzani wa kwanza, nilishamupiga na gari yangu ya Punto, sasa nimekwama. Nimeweka moteri, nimeweka turbo, natoka mbele mpaka siwaone tena nyuma, kisha kona ya mwisho nagusa ukuta kidogo tu na wote watatu wanapita. Kompyuta inaniiba ama ni mimi?

JIBU: Inakuiba, ndiyo, lakini wizi wake uko na kanuni, mudogo wangu. Unajua ule mpira wa kufungia muzigo nyuma ya pikipiki? Njo vile mumefungwa na wale watatu. Ukienda mbali unawavuta, wanapata mbio ambayo gari yao haina, na ukibaki nyuma wanalegeza wakungoje. Ukicheza mbio moja moja, inje ya karyera, unaweza kuzima hiyo kitu, lakini mu karyera hapana.

Sasa ona hesabu. Kugonga ukuta ku mwanzo hakukugarimu sana, ju watakungoja. Kugonga sekunde 15 mbele ya mwisho, hapo umekufa, mpira haina tena nafasi ya kukurudisha. Kwa hiyo acha kumaliza nitro yote, ile gesi ya kuongeza mbio, kwa kukimbia peke yako huko mbele, hakuna mwenye anakulipa sekunde. Itumie katikati, inajijaza yenyewe ukiwa na mbio, lakini ufike kilometa ya mwisho chupa imejaa. Na Speedbreaker, ile ya kufanya wakati uende polepole, ichunge kwa hiyo kona yako mbaya.

Tena umenitajia moteri na turbo, freni na pineu (matairi) hukutaja hata kidogo! Angalia mwenye chukudu, ile ya mbao ya kubeba muzigo, akishuka kutoka Kibumba na mifuko ya makaa: anakanyaga kile kipande cha pineu ku gurudumu la nyuma mbele ya kona, akishaingia mu kona mguu umetoka, anaacha iende. Fanya vile vile. Feza ikikosa, rudilia mbio za zamani, zinalipa.

Na ukishinda, ngoja iseve kwanza, ju kuranti (umeme) yetu unaijua.