Brashi za kuchorea kitambaa: anayeanza anunue zipi

Vijana wanaokuja kujifunza kwetu hapa Bagamoyo huuliza rangi kwanza. Rangi utazoea. Kinachowakwamisha wengi ni brashi.

Kitambaa si karatasi: kinakunywa rangi, na nyuzi zake zinasugua nywele za brashi kila unapopitisha mkono. Ile brashi laini inayolegea ikilowa, kwenye marekani, kile kitambaa kizito cha pamba, itakulalia tu, rangi ibaki juu juu. Chukua ya nailoni, nywele fupi na ngumu kiasi. Dukani ibonyeze kiganjani kisha iachie, uone kama inasimama yenyewe. Ikiwa imegandishwa kwa gundi ya kiwandani, muombe muuzaji maji uilegeze kwanza. Vuta na nywele kidogo. Zikitoka hapo, zitatoka na kwenye gauni la mteja, na unywele uliogandia ndani ya rangi ukiubandua unaacha alama.

Achana na pakiti ya brashi 12, nyingi hutazigusa. Tatu zinatosha: bapa ya kujazia, ya mviringo ya kati, na nyembamba yenye nywele ndefu kwa mistari. Hiyo ya mwisho ndiyo ya kutolea pesa. Ukichora jahazi, kamba za tanga zinataka mstari mmoja usiokatika, na nywele ndefu ndizo zinazobeba rangi ya kufika mwisho. Zimua rangi iwe kama tui zito, simamisha brashi wima, vuta, usisukume. Kitambaa kiwe kimefuliwa kutoa wanga na kimekazwa kwenye fremu, la sivyo kitafuatana na mkono wako.

Hariri ni habari nyingine. Rangi yake ni nyepesi, inatambaa yenyewe, hapo brashi laini ndiyo yake.

Usiazime brashi ya mchoraji wa Tingatinga anayetumia rangi ya mafuta. Mabaki yake hayaoshwi kwa maji, nawe utayakuta kwenye nguo yako.

Akriliki, yaani hii rangi ya kuzimua kwa maji tunayochorea kitambaa, ikikauka inakuwa plastiki, maji hayaiyeyushi tena, na kwa upepo huu wa pwani haichukui muda. Suuza brashi kila unapopumzika, ukimaliza osha kwa sabuni hadi shingoni, pale nywele zinapoingia kwenye bati. Lakini usiiache imesimama koponi: ncha inapinda, maji yanaingia kwenye bati, mti unavimba, nywele zinapukutika. Ichonge ncha kwa vidole, ilaze ikauke. Ikichakaa, ikate nywele ziwe fupi kabisa. Inafaa kugongea rangi kwenye stensili, yaani kiolezo kilichotobolewa umbo.