Baba Kulwa ana haki, na Doto umemsahau

Mama Kulwa wa Igoma, pole. Kushika barua ya chuo cha ng'ambo mkononi huku hela haipo kunauma. Pole hiyo inatosha, sasa tuongee.

Umeniandikia kwamba Kulwa amekubaliwa kusomea uhasibu kwenye chuo chenye jina huko Uingereza. Hapa nyumbani Mwanza amepata nafasi SAUT, Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, pale Malimbe, na mkopo wa Bodi ya Mikopo juu. Mumeo amekataa katakata kuuza kiwanja cha Buswelu na injini ya mtumbwi, nawe unamwita bahili na adui wa elimu, unataka nikupe maneno ya kumlainisha. Sikupi.

Mtoto wa wifi yako anayesoma Manchester umemtaja karibu kila ukurasa. Doto, pacha wa Kulwa, umemtaja mara moja: "Huyu atasubiri kwanza." Anasubiri nini? Ada ya chuo cha uuguzi, umeandika mwenyewe. Watoto wamekaa tumbo moja, mmoja apande ndege na mwenzake abaki kuanika dagaa! Huoni kwamba mumeo huenda ananyamaza kwa sababu anawahesabu wawili?

Tena unalalamika kwamba mwezi ukiwa mpevu hakuachii hela ya kutosha. We mama, mke wa mvuvi wa dagaa! Mbalamwezi ikiwaka taa hazivuti dagaa, mtumbwi unalala ufukweni, na bado siku hizo mmekula. Huyo si bahili. Ukiuza injini, giza likirudi atavua na nini?

Haya, hesabu. Ada za mwanafunzi wa kigeni kwenye vyuo vyenye jina huko Uingereza mara nyingi hupita paundi 20,000 kwa mwaka. Kabla ya viza uonyeshe ada ya mwaka wa kwanza na hela ya kujikimu ya hadi miezi 9, ikiwa imekaa benki siku 28 mfululizo. Bado tozo ya afya, paundi 776 kila mwaka. Kiwanja na injini vikimaliza mwaka wa kwanza, wa pili mtauza nyumba?

Na mwishoni Kulwa anataka kuwa mhasibu hapa Tanzania. Basi atakaa mitihani ya NBAA, bodi ya wahasibu, ileile anayokaa kijana aliyetoka Malimbe. Akitafuta kazi serikalini, atafanya usaili wa Sekretarieti ya Ajira, chumba kimoja na huyo huyo. Shahada yake ya nje itabidi kwanza ipite TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, itambuliwe. Na usiidharau SAUT: hapo Nyegezi ilipo pamefundishwa watu tangu 1960, kabla hata ya uhuru. Usiache mbachao kwa msala upitao.

Mgala muue na haki yake umpe: jina la chuo lina faida yake. Mwaka 2002 wachumi wa Marekani, Stacy Dale na Alan Krueger, walichapisha utafiti kuhusu vijana wa kwao waliokubaliwa vyuo vikubwa lakini wakasoma vya kawaida. Kwa wengi, mishahara ya baadaye haikupishana sana na ya waliokwenda vikubwa. Walionufaika wazi ni watoto wa familia zenye kipato kidogo. Najua utasema ndio sisi. Ni kweli, na chuo hicho kingemlipia Kulwa, ningekwambia mfungie begi usiku huu. Lakini kinataka ada yote kutoka kwenu, nanyi hamna.

Ndoa za siku hizi zinanisikitisha. Mke anagombana na mume kwa ajili ya picha aliyoiona kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, mume anageuzwa mchawi kwa kusema "hatuna". Mwanaume anayesema hatuna, na kweli hamna, anakulinda. Wangapi hapa Mwanza wanakopa kwa siri ili wasionekane wameshindwa, mke anakuja kujua siku dalali anapobisha hodi?

Leo jioni, kabla Baba Kulwa hajaenda ziwani, muombe radhi kwa hilo neno la adui wa elimu. Halafu muulize Kulwa anataka nini, maana barua yako nzima hakuna sentensi hata moja aliyoisema yeye. Asubuhi mchukue Doto mkajaze fomu zake za udahili kabla dirisha halijafungwa.