Maswali na majibu: Nimpate wapi wa kunishika mkono?

Barua za wiki hii karibu zote zinaimba wimbo mmoja. Watu wana visenti vyao, wanataka kuingia kwenye viwanja na vyumba vya kupangisha hapa Mwanza, ila hawana wa kuwaelekeza wala wa kuchanga naye. Nimejibu tano.

Nina milioni 6 kwenye saccos. Kila aliyefanikiwa anasema alikuwa na menta, mtu wa kumwelekeza. Wangu nampata wapi? (Mwalimu, Kisesa)

Usimtafute Capri Point kwa wenye nazo, mwalimu. Mwenye ghorofa kule anapiga hesabu ambazo wewe na milioni 6 zako bado hamjaalikwa. Mtafute mwenye vyumba sita au nane, kwenye mtaa unaoutaka wewe, aliyeanza na mshahara kama wako. Kisesa, Igoma na Buhongwa wapo wengi: wauguzi wastaafu, makarani, akina mama wa dagaa waliojenga chumba kimoja kimoja.

Wangu mimi alikuwa mzee mmoja wa Igoma, mwenye nyumba wangu. Siku moja nilipeleka kodi nikamkuta ameinamia kauntabuku lenye jalada lililochanika. Akaniruhusu nichungulie ukurasa wa chumba namba tatu. Kitasa. Koki ya bomba. Kunyonya choo. Miezi miwili bila mpangaji. Rangi. Koki tena. Mimi nilikuwa nimeshamhesabia kichwani, kodi mara miezi kumi na miwili, nikamwona tajiri. Kumbe mwaka ule chumba kile kilimwachia kodi ya miezi saba tu. "Nyie mnaona kodi," akaniambia, "koki hamzioni."

Sikumwomba awe menta wangu, angecheka. Nilimwomba tu niongozane naye siku za kwenda kununua mchanga na kokoto. Nikabeba, nikanyamaza. Baada ya miezi mitatu akaanza kuniuliza mimi naonaje. Na wewe nenda hivyo hivyo, na swali moja dogo: "Shikamoo mzee, msingi wa hapa ulikula tripu ngapi za mawe?" Swali hilo humfungua mdomo mwenye nyumba yeyote wa Mwanza, maana kwa vilima vyetu hivi kuna viwanja vya bei chee ambavyo kupasua majabali yake tu kunamaliza hela ya kuta.

Rafiki yangu tangu shule ya msingi ana milioni 4, mimi nina 4. Tumepata kiwanja kilichopimwa Buswelu. Nikimtajia mkataba ananuna, anasema kuandikishana ni kutoaminiana. (Fundi umeme, Nyasaka)

Hapa niliungua mwenyewe, kwa hiyo nivumilie nikizungumza kirefu.

Miaka ya nyuma mimi na jamaa yangu tulichanga tukanunua kipande. Siku ya kusaini nilikuwa safarini, karatasi ikaandikwa jina lake peke yake, tukasema tutarekebisha. Hatukurekebisha. Alipofariki, ndugu zake wakakaa na orodha ya mali, na kiwanja chote kikawa cha marehemu. Siwezi kusema walinidhulumu. Walisoma kilichoandikwa. Mwenzangu alikuwa mwaminifu mpaka mwisho, lakini uaminifu wake alizikwa nao.

Mwambie rafiki yako hivyo, kwa upole, bila kumnyooshea kidole. Kisha mwende kwa wakili. Sheria ya Ardhi ya 1999 inataka mkataba wa mauziano ya ardhi uwe wa maandishi, hivyo maneno ya kijiweni hayatawasaidia. Majina yote mawili yaingie kwenye mkataba wa mauziano, na baadaye kwenye hati. Mwombeni wakili awaandikie umiliki wa hisa, kila mmoja na sehemu yake inayojulikana. Mmoja akiondoka duniani, sehemu yake inakwenda kwa warithi wake, ya mwenzake haiguswi. Kabla ya kutoa hata shilingi, fanyeni upekuzi rasmi kwa Msajili wa Hati mjue kiwanja ni cha nani na kama kina deni la benki.

Kuna karatasi ya pili, ya kwenu wawili. Nani anasimamia mafundi? Risiti zinakaa kwa nani? Mmoja akikwama hela nyumba ikiwa kwenye lenta, pale juu ya milango na madirisha, mwingine akiendelea peke yake, hisa zinabadilikaje? Na kubwa kuliko yote: anayetaka kutoka anamuuzia nani, kwa bei iliyopangwa na nani? Urafiki mwingi hufia hapo. Kubalianeni leo kwamba siku hiyo mtaleta mthamini, kabla hajatokea mwenye shida ya ada ya mtoto.

Wake zenu nao waitwe wakae mezani. Kama mnachonunua ni nyumba ya familia, ulizia mke au mume wa muuzaji pia, kwa sababu Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka ridhaa yake.

Akiendelea kununa, bakini marafiki. Milioni 4 zako ziache saccos.

Kuna mafunzo ya "uwekezaji bila mtaji" hotelini, laki tatu kwa siku mbili. Niende? (Mfanyabiashara, Kirumba)

Mwombe mwalimu akuonyeshe nyumba yake moja, mtaa gani, umwone na mpangaji. Akianza kuzunguka mbuyu, laki tatu umeziokoa.

Mimi ni muuguzi, miaka 29. Wanaume wawili niliowaomba ushauri wa kiwanja wameishia kunitongoza. Nifanyeje? (Bugando)

Pole sana dada. Kosa si lako, na wala si wewe wa kwanza kuniandikia hivi.

Nenda Malimbe na Nyegezi, pembeni ya chuo cha SAUT. Tembea mchana ukijifanya unatafuta chumba, uliza mwenye nyumba ni nani. Utashangaa mara ngapi utaambiwa "mama fulani". Akina mama hao wanajua wanafunzi wanahama lini, likizo inaacha vyumba vingapi wazi, na fundi gani anakimbia na advansi. Kikoba cha wanawake wenye vyumba kitakufundisha kuliko mzee mmoja mwenye gari. Mwanaume mwenye nia njema hatakataa mkikutana saitini, mchana, umeongozana na mwenzako.

Jambo moja zaidi. Mwanamke ana haki sawa na mwanaume ya kupata na kumiliki ardhi, sheria ile ile ya 1999 imelisema wazi. Mbia akikuambia "tuandike jina langu, mambo yataenda haraka ofisini", chukua mkoba wako uondoke.

Niko Doha. Binamu yangu ana dalali mwenye eneo "linalogusa maji" upande wa Busisi. Anasema daraja limefunguliwa, bei itapaa, tuwe wabia watatu: hela zangu, usimamizi wake, eneo la dalali. (Kijana wa Sengerema)

Daraja la Kigongo–Busisi lipo kweli, kilomita 3 juu ya maji, limefunguliwa Juni 2025. Ila kumbuka fremu za kivukoni ziliishi kwa abiria waliokuwa wakisubiri feri. Sasa wanapita bila kushuka garini. Hilo dalali hawezi kukuambia.

Dalali mlipe udalali wake, tena vizuri, umalizane naye. Hisa ni za aliyeweka hela au jasho linaloonekana. Binamu mwandikie kama msimamizi mwenye malipo yake, na hela ya eneo iende moja kwa moja kwa muuzaji kupitia benki, si kupitia simu ya binamu.

Hilo la kugusa maji sasa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa ziwa, na sisi wa huku tunakumbuka 2020 ziwa lilivyopanda likaingia mpaka sebuleni mwa watu. Mwambie binamu aende na futikamba, apime mita 60 kuanzia maji yanapofika wakati wa mvua, akupigie video akiwa amesimama hapo. Ardhi itakayobaki nyuma yake ndiyo ya kuulizia bei.