Mawimbi mangapi yamefika? Maswali ya wasomaji kuhusu safu za antena

Barua za juma hili zimetoka kwa mafundi na wanafunzi, na karibu zote zinazunguka jambo moja: antena zitajuaje ni mawimbi mangapi yanazifikia kwa wakati mmoja? Nimechagua tano.

Maalim, antena yangu ya juu ya paa hunasa stesheni zote. Mbona isinihesabie pia? (Likoni)

Stesheni zenye masafa tofauti si tabu, ndugu yangu. Redio huzitenganisha ukizungusha kitufe. Kazi ipo pale mawimbi mawili yanapotumia masafa yale yale. Antena moja huyajumlisha yakawa volteji moja, na jumla haikwambii imetokana na vingapi.

Fikiria ngoma ya harusi Mji wa Kale, nawe uko kichochoroni, huioni. Msondo na chapuo utavijua kwa sauti. Lakini chapuo mbili zilizokazwa sawasawa? Hapo wahitaji wasikilizaji kadhaa, kila mmoja pembe yake, kwa sababu sauti ya kila ngoma humfikia kila mtu kwa kuchelewa tofauti. Safu ya antena, yaani antena kadhaa zilizopangwa pamoja, ndiyo wasikilizaji hao. Kila upande wimbi linakotoka huacha mpangilio wake wa kuchelewa.

Shikamoo mwalimu. Darasani tumeambiwa idadi ijulikane kwanza ndipo tutumie MUSIC. Kwa nini, na idadi yenyewe inapatikanaje? (Mwanafunzi, Tudor)

Marahaba. MUSIC, njia ya kutafuta kila wimbi linatoka upande gani, ambayo Ralph Schmidt aliieleza katika makala yake ya 1986, hugawa vipimo mafungu mawili, la mawimbi na la kelele. Idadi ndiyo mpaka baina yao. Ukihesabu pungufu, chombo kimoja cha baharini kinachotuma wimbi kinapotea. Ukizidisha, kelele inapewa mwelekeo, na watu watakwenda kutafuta mashua isiyokuwapo.

Sasa hesabu. Chukua antena 6, uzipime zote kwa pamoja mara 200. Linganisha kila antena na kila nyingine upate matriksi (jedwali la namba) ya 6 kwa 6, kisha utoe thamani zake za aigeni, yaani namba zinazopima nguvu iliyomo ndani yake, kubwa hadi ndogo. Tuseme umepata 41, 17, 1.2, 1.1, 0.9 na 0.8. Kelele ikiwa sawa katika antena zote, thamani zake hukaribiana. Hapa zinazokaribiana ni nne. 6 toa 4, mawimbi ni 2.

Mara nyingi haiwi wazi hivyo. Ukipata 9, 2.4, 1.7, 1.3, 1.0 na 0.7, utakata wapi? Mwaka 1985 watafiti Mati Wax na Thomas Kailath walionyesha namna ya kukata bila mtu kukisia mpaka kwa jicho. Walichukua vigezo viwili vya takwimu vilivyokuwapo, AIC cha mtafiti Akaike na MDL cha mtafiti Rissanen. Kila dhana, kwamba mawimbi ni 1, 2 au 3, hupewa alama kwa kuafikiana na vipimo, kisha hutozwa faini kwa kila namba ya ziada inayohitaji ili kujieleza. Kwa antena 6, kusema mawimbi ni 3 badala ya 2 kunahitaji namba 7 zaidi.

Faini ya AIC haibadiliki. Ya MDL hukua kadiri vipimo vinavyoongezeka. Kwa vipimo 200 ni kama mara 2.6 ya ile ya AIC. Ndiyo maana AIC ina mazoea ya kuzidisha hata ukiipa vipimo vingi, ilhali MDL hukaribia ukweli vipimo vikiongezeka, ila vikiwa vichache huweza kuliacha wimbi dhaifu. Kwa kazi za kawaida mimi huanza na MDL. Lakini ikiwa natafuta chombo kinachoomba msaada baharini, nitachukua AIC: afadhali kufuata mwelekeo mmoja wa bure kuliko kumwacha mtu majini.

Nahitaji antena ngapi, na ziachane vipi? (Fundi, Makupa)

Zizidi mawimbi walau kwa moja. Umbali baina ya jirani na jirani usivuke nusu ya urefu wa wimbi, la sivyo pande mbili tofauti zitaacha mpangilio mmoja. Chaneli 16 ya vyombo vya baharini iko megahezi 156.8: wimbi lina mita 1.91, basi weka sentimita 95. Kwa Wi-Fi ya gigahezi 2.4, sentimita 6.

Wimbi likigonga kreni za Kilindini au maji likarudi, litahesabiwa mara mbili? (Nyali)

Kinyume chake, na hapa wengi huteleza. Mwangwi ni nakala ya wimbi la asili, mfano wa chapuo mbili zinazopigwa na mkono mmoja. Vinaungana vikatoa thamani moja kubwa, hesabu ikapungua.

Dawa yake ni kuigawa safu katika vijisafu vinavyopishana, kisha kuchukua wastani wa matriksi zao. Gharama ni antena: katika njia ya kawaida, mawimbi 3 ya namna hii yanataka 6. Mwangwi wa kreni huja kutoka ubavuni, kwa hiyo safu ya kulala huutenganisha. Ule wa maji huja upande ule ule wa chombo, ila kutoka chini. Kwa huo isimamishe safu wima.

Nimeunganisha vipokezi vinne vya USB, lakini hesabu hubadilika kila dakika. (Kisauni)

Kila kipokezi kina saa yake ya ndani, na saa hizo hazitembei pamoja. Wimbi moja linaonekana mengi. Vipe vyote saa moja, kisha uvisawazishe kwa ishara unayoijua.

Ukishafanya hivyo, kagua viunganishi. Safu yangu iliwahi kunipa mawimbi 3 siku nzima, nami nilikuwa nimewasha mitambo 2 tu. Nilibadilisha programu, nikarudia hesabu kwa mkono, wapi. Kumbe chumvi ya bahari ilikuwa imekila kiunganishi cha antena ya tano, kinakwaruza, na kelele ya antena hiyo imepanda juu ya za wenzake. Nilikisugua, nikakifunga utepe wa mpira, thamani za kelele zikalala pamoja. Hesabu ikarudi 2.