Ukiulizwa kama una wakili

Ujiji, tarehe 12

Mwanangu,

Assalaam alaykum. Ujumbe wako wa sauti tumeusikiliza mara tatu, mimi na mama yako. Mara ya tatu mama yako aliinuka akaenda uani, na nilimwacha huko kwanza. Kwamba tarehe 3 meneja alikuita, akakwambia kwa mdomo kazi basi, barua hakukupa, na sababu hakueleza. Sasa wanakuahidi laki nne ukitia saini karatasi inayosema umeacha kazi mwenyewe. Umeniuliza mambo mawili: mtu aliyekuwa na mshahara hadi mwezi jana atakubaliwa kupata msaada wa kisheria wa bure, au watakutaka uthibitishe kwamba wewe ni fukara? Na la pili, uzichukue hizo laki nne au uwashitaki?

La pili nitalirudia nikiwa nimetulia. Kwa la kwanza nilikwenda kwa yule msaidizi wa kisheria wa kata yetu, yule mama aliyemsimamia shangazi yako wakati wa mirathi hadi nyumba ikabaki na watoto. Ameniambia hivi. Iko Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, nayo inamtaja mtu asiye na uwezo kuwa ni yule ambaye kipato chake hakitoshi kumlipa wakili. Haisemi lazima uwe unaombaomba, wala uwe unalala njaa. Tena inaongeza watu wengine ambao haki yenyewe inadai wasaidiwe. Wewe huna mshahara, una kodi ya chumba na mtoto anayesoma. Sema hivyo hivyo ulivyo, usipunguze na usiongeze. Kama una akiba ya laki mbili kwenye simu, sema ni laki mbili. Akasema pia nikukumbushe kwamba msaidizi wa kisheria haruhusiwi kukutoza hata senti. Atakueleza njia na kukuelekeza pa kwenda, lakini mahakamani hasimami badala yako, hapo anahitajika wakili. Na hapo Tabora ukitaka kujua nani amesajiliwa kweli, ingia ofisi ya Maendeleo ya Jamii ya halmashauri, wanawafahamu.

Hilo ndilo jibu, na ningeweza kuishia hapo. Ila nilivyokusikia mwanangu, sauti yako haikuwa inauliza juu ya sheria. Ulikuwa unauliza kama ni aibu kusema huna. Na juu ya hilo hakuna mtu katika ukoo huu anayejua kuliko mimi.

Unalikumbuka shamba la michikichi la bibi yako, ambaye wewe umebeba jina lake. Unakumbuka pia jinsi jirani alivyosogeza mpaka mwaka hadi mwaka, mpaka michikichi kumi na moja ikawa upande wake, na jinsi Baraza la Kata lilivyompa yeye ushindi mwaka 2009. Ambalo hulijui vizuri ni lililofuata, maana nililificha.

Wakati ule Baraza la Kata lilikuwa likiamua kesi za ardhi. Siku hizi, tangu sheria ilipobadilishwa 2021, linasuluhisha tu. Ukishindwa pale ulikuwa na siku 45 za kukata rufaa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Siku 45 ni nyingi, mtu anaona ana muda wa kumaliza boti nzima. Nikaelekezwa kwa bwana mmoja aliyekaa na taipureta chini ya mwembe, amevaa tai, watu wakimwita wakili. Akanidai shilingi elfu themanini. Zilikuwa fedha za misumari na mbao za boti ya watu wa Kibirizi, nami nikampa. Akasema, "Niachie mzee, nitaiwasilisha." Nikamwachia. Kila nikipita ananiambia iko mezani. Iliwasilishwa siku ya 52.

Hakuwa wakili. Alikuwa kishoka, kama wanavyowaita sasa. Siku hizi Mahakama ina orodha ya mawakili mtandaoni, inaitwa e-Wakili. Andika jina la mtu kabla hujampa karatasi yako, na lisipoonekana mwondokee hata kama tai yake ni ya hariri.

Baraza la Wilaya likaitupa rufaa kwa kuchelewa. Nikasema sikubali, nikaenda Mahakama Kuu, na miaka ile Mahakama Kuu ya watu wa Kigoma ilikuwa Tabora, haikuwa hapa kama ilivyo leo. Nikaazima koti la baba yako mdogo, lile la rangi ya majivu, nikapanda treni. Mbele yangu alikaa mama mmoja wa makamo, mstaarabu, ana mkoba wa mafaili. Tulipopita Malagarasi nikatoa migebuka aliyonibanikia mama yako, naye akatoa chapati, tukala pamoja. Tukazungumza juu ya watoto. Nilimweleza habari zako, kwamba uko kidato cha pili na unaandika Kiingereza kuliko walimu wako. Nilijisifu, ndiyo.

Akaniuliza ninakwenda kufanya nini Tabora. Nikasema nina rufaa Mahakama Kuu, mambo ya ardhi. Akakaa vizuri. Akaniambia yeye ni mwanasheria wa chama kinachosaidia watu wasioweza kulipa, alikuwa anatoka Kasulu kufundisha watu vijijini. Halafu akaniuliza swali moja tu.

"Baba, una wakili?"

Nikasema, "Ninaye."

Sikuwa naye, mwanangu. Nilikuwa na bahasha yenye nakala ambazo sikuweza kuzisoma, na nauli ya kurudi. Lakini nilikuwa nimevaa koti, nimeshamsifia binti yangu, nimemkaribisha samaki kama mwenye nyumba. Neno "sina" lilinikwama hapa kooni. Yule mama akasema, "Alhamdulillahi, basi ni vizuri," akafungua kitabu chake akasoma. Toka Nguruka mpaka tunaingia Tabora alfajiri nilikuwa nalitazama jalada la kitabu kile. Nilikuwa na saa nzima, saa mbili, saa tatu, za kusema, "Dada yangu, nimekudanganya." Treni iliposimama nilimbebea mkoba hadi chini. Akanishukuru, akaenda zake.

Jaji hakunidharau. Alinisikiliza mpaka mwisho. Aliniuliza kwa nini nilichelewa, nikasema niliyempa karatasi ndiye aliyechelewa. Akanieleza kwamba mtu aliyepitwa na muda huomba kwanza aongezewe muda, anatoa sababu zake kwa kiapo, na mimi maombi hayo sikuwahi kuyaleta. Rufaa ikatupwa, kila mtu akabeba gharama zake. Hukumu ilikuwa kurasa sita za Kiingereza. Wewe ndiye uliyenisomea, umekaa juu ya kinu kwa bibi yako, unasimama kwenye kila neno gumu, ukanitafsiria "time barred" kuwa "wakati umeweka komeo". Bibi yako akacheka, akasema mtoto huyu atakuwa mshairi. Mimi sikucheka. Nashukuru tangu 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, asije mzazi mwingine akasomewa kushindwa kwake na mtoto.

Mama yako akinisikia nalirudia hili huniambia niache, kwamba hata yule mwanasheria asingeokoa kitu, siku zilikuwa zimekwisha kupita. Huenda ni kweli. Nami hujiambia hivyo usiku. Lakini ubishi hunirudia: yeye angejua kuomba muda. Angemwita yule kishoka aeleze karatasi ilikaa mezani kwake siku ngapi. Pengine jaji angekubali, pengine asingekubali. Michikichi ile ingekuwa imekwenda kwa kuamuliwa. Ilivyokuwa, ilikwenda kwa sababu mimi niliona haya ndani ya treni. Bibi yako alikufa akiamini tulikuwa na wakili. Nilimwambia hivyo hivyo nilivyomwambia yule mama.

Unajua ninachowaambia vijana wangu hapa bandani tangu hujazaliwa: kalafati hutiwa mwaloni, haitiwi katikati ya ziwa. Boti ikiwa mwaloni, nchi kavu pale ufukweni, unaona kila ufa wa kuziba kwa kalafati, una pamba, una mawese, una kivuli. Ikishaingia majini unachota tu na kuomba Mungu. Ndivyo zilivyo siku za sheria. Nimemuuliza yule mama wa kata juu ya mambo ya kazi: mtu aliyeachishwa kazi ana siku 30 za kupeleka mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Migogoro mingine ya kazi ni siku 60, lakini ya kuachishwa ni 30, usije ukadanganywa na mtu kuwa una miezi miwili. Tarehe 3 mpaka leo tarehe 12 zimekwenda tisa. Nimezichora kwa mkaa ukutani bandani, na kila asubuhi naongeza mmoja.

Ofisi ya Tume ipo hapo hapo Tabora, na kufungua mgogoro hulipii. Unajaza Fomu namba 1, mwajiri unampa nakala yake, na unabaki na ushahidi kwamba ameipokea. Kwanza mnakaa na msuluhishi. Mkishindwa kupatana ndipo inakwenda kwa mwamuzi. Na huko, nilifurahi sana kusikia, mwajiri ndiye anayetakiwa aonyeshe kwamba alikuwa na sababu ya haki na alifuata utaratibu. Si wewe uthibitishe kuwa ulionewa. Unaweza kwenda na wakili, au mtu wa chama cha wafanyakazi kama wewe ni mwanachama. Nakumbuka ulikuwa unakatwa ada ya TUICO na kulalamika kila mwezi. Basi waende wakaifanyie kazi ada yako! Anzia kwao kesho. Kusanya mkataba, hati za mshahara, kitambulisho cha kazi, na zile meseji za meneja usizifute, hata zile za kukukera.

Na kama kwa bahati mbaya siku zitapita, usikae kimya kama nilivyokaa. Hata Tume inapokea maombi ya kusamehewa kuchelewa, ukiwa na sababu. Lakini usifike huko. Kalafati hutiwa mwaloni, mwanangu.

Sasa laki nne. Umeniuliza nikwambie. Mama yako anataka uzichukue urudi nyumbani, upumzike, mtoto apate shule ya hapa. Kaka yako anataka uwashitaki mpaka waombe radhi redioni. Mimi nimeanza sentensi hii mara nne nikaifuta. Maisha ni yako, kodi ni yako, na wewe ndiye utakayekaa meza moja na huyo meneja kwa msuluhishi. Kama utapatana nao kwa fedha, kupatana si kushindwa, nimeona watu wazima wakipatana na wakalala vizuri. Basi sitasema. Ila karatasi inayosema umeacha kazi mwenyewe ni uongo, na mkono utakaoitia saini ni wako, wenye jina la mama yangu. Nimekwisha sema zaidi ya nilivyokusudia. Ipeleke kwanza kwa mwanasheria aisome, saini baadaye au usisaini kabisa.

Ukifika huko watakuuliza kama una wakili. Wajibu kwamba huna, na huna cha kumlipa.

Nimekutumia kwa treni dumu la mawese na dagaa kilo mbili, lipo kwa yule kijana wa behewa la tatu unayemfahamu. Chukua Alhamisi asubuhi kabla halijachanganywa na mizigo ya watu. Mjukuu wangu mwambie boti yake ndogo imekamilika, bado kupakwa rangi.

Ukitoka Tume nipigie, hata kama ni usiku.

Baba yako