Kura za chunguni

SWALI: Nasikia hekalu moja la Kihindu kusini mwa India limechongwa kanuni za uchaguzi ukutani. Watu walichaguanaje?

JIBU: Ni hekalu la Vaikuntaperumal, Uttaramerur, Tamil Nadu. Maandishi ni ya mwaka 919 na 921, enzi za Parantaka wa Kwanza, mfalme wa Chola, dola ya Kitamil ya kusini mwa India.

Waliochaguliwa ni wajumbe wa kamati za kijiji, na mshindi alipatikana kwa bahati, si kwa wingi wa kura. Majina ya wanaofaa katika kila mtaa, na mitaa ilikuwa 30, yaliandikwa kwenye vipande vya jani la mvumo na kutiwa chunguni. Kuhani mzee alikiinua chungu watu wote wakione. Mtoto asiyejua kilichomo alichomoa kipande kimoja kwa kila mtaa, msimamizi akakipokea kwa kiganja wazi, vidole vitano vimetanuliwa (mchezo wa mkono hapo mgumu!), akakisoma kwa sauti, na makuhani wote nao wakakisoma.

Mgombea awe na umri wa miaka 35 hadi 70, nyumba kwenye kiwanja chake na ardhi inayolipiwa kodi. Aliyewahi kuwa kwenye kamati asitoe hesabu alienguliwa, pamoja na ndugu zake. Wanaoiita demokrasia kamili wanatia chumvi: kilikuwa kijiji cha Wabrahmini (tabaka la makuhani wa Kihindu) wenye ardhi. Washindi 30 waligawanywa: 12 kamati ya mwaka, 12 ya bustani, 6 ya bwawa.