Mwandishi na mpiga gitaa ndani ya duka la vitabu: mi Tanga nafanya hivi

Dada, umeuliza kama duka dogo kama lako hapo Morogoro, fremu mbili tu, linaweza kualika waandishi na kuweka mziki wa live bila kula mtaji, na kama ukodi bendi kamili au uache. Mi nna duka Tanga, Ngamiani, huu mwaka wa saba, na shughuli za namna hiyo nimeshafanya zaidi ya ishirini, zipo ambazo nikizikumbuka mpaka leo nafurahi na zipo zilizoniuma sana, kwa hiyo ntakujibu kwa urefu, nivumilie.

Bendi usichukue. Naanza na hapo maana ndo kosa nililoanza nalo na lilinigharimu. Shughuli ya kwanza nilimwalika kijana mmoja mwandishi wa riwaya, anajichapishia mwenyewe, nikajisemea watu hawawezi kutoka nyumbani kuja kumsikiliza mtu anasoma kitabu, ngoja niwavute na mziki. Nikakodi bendi ya watu watano na spika mbili zile za harusini. Watu walikuja kweli, wakajaa mpaka barazani. Sasa kijana alipokaa kusoma, wapigaji bado wanajaribu maiki, walioko nje wanapiga stori, walioko ndani wanageuka kuangalia nje kuna nini, na baada ya dakika kama kumi hivi yule kijana akafunga kitabu akasema ahsanteni. Tuliuza nakala tatu. Bendi nikalipa, viti vya kukodi nikalipa, na jirani yangu wa ukuta mmoja alikuwa na mgonjwa ndani akaenda kwa mjumbe, alikuwa na haki yake kabisa, kesho yake asubuhi nilimfuata kumuomba radhi. Ila kilichonikaa moyoni ni vile yule kijana alivyokuwa anarudisha vitabu kwenye boksi, kimoja kimoja, alitoka Dar na basi na nakala 60.

Nikakaa miezi mingi sijafanya tena. Aliyenifungua macho ni mzee mmoja mteja wangu, ujanani mwake alikuwa anapiga gitaa kwenye taarabu, maana taarabu ya hapa Tanga enzi za vikundi vya Black Star na Lucky Star ilikuwa ya magitaa, haikuwa ya ala za udi na kanuni kama ya Unguja. Nilimsimulia yaliyonikuta akaniuliza, kwani huyo mpiga mziki wako alikisoma kitabu? Nikabaki kimya. Akaniambia we umewaita wageni wawili hawajuani ukawaweka chumba kimoja, wataongea nini.

Hapo ndo nikaanza kufikiria. Kwetu sisi neno na sauti ni vitu vilivyozaliwa pamoja, shairi linaghaniwa, na ukishika shairi la tarbia, lile la mistari minne kila ubeti, kila mstari una mizani (silabi) 16, nane kisha pumziko kisha nane, utenzi nao kila kipande mizani nane. Mpiga gitaa mwenye sikio ukimpa hilo karatasi haulizi mara mbili, anajua pa kupumzika na pa kuingia, kwa sababu nyimbo za taarabu alizokulia nazo zimetungwa kwa hesabu hiyohiyo. Na huu ni mji wa Shaaban Robert jamani, kazaliwa Vibambani hapo nje tu ya mji mwaka 1909, ikawaje mimi nashindwa kufanya shughuli ya kitabu Tanga?

Kwa hiyo mara ya pili nikamtafuta mama mmoja, mwalimu mstaafu, ana diwani yake ya mashairi, nikamtafuta na kijana mmoja wa gitaa kavu, lile lisilo la umeme, peke yake. Wiki mbili kabla nikawakutanisha dukani, chai na maandazi, mama anaghani kijana anatafuta funguo za sauti yake kwenye gitaa, pale anapovuta sauti kijana anasubiri. Walikutana mara tatu. Siku yenyewe hakuna spika wala maiki, watu 34, nimesogeza shelfu za vitabu vya shule ukutani. Ndugu yangu, kulikuwa na utulivu nikawa nasikia feni. Yule mwalimu alipofika kwenye shairi la marehemu mumewe, mama mmoja mtu mzima akainuka taratibu na noti mkononi akaenda kumtunza, kama vile anavyotunzwa mwimbaji, na wengine wakafuata. Nimeuza vitabu miaka yote hii sijawahi kuona mshairi anatunzwa akiwa ameshika kitabu. Tuliuza nakala 41 kati ya 50 na mama aliondoka na hela ya kutunzwa juu yake.

Sasa hiyo ni kwa ushairi. Riwaya, hadithi fupi, kumbukumbu za maisha, hizo usithubutu kupigia mziki chini yake mtu akiwa anasoma, sikio linafuata gitaa linaacha maneno, nimejaribu mara mbili imekataa mara zote. Hapo mziki una nafasi zake tatu. Ya kwanza dakika kumi na tano watu wanapoingia, maana watu wetu hawafiki pamoja, na yule aliyewahi akikuta ukimya anaona aibu anatoka kusubiri nje. Ya pili katikati, baada ya kipande cha kwanza cha kusoma, wimbo mmoja tu, watu wavute pumzi. Ya tatu ndo ya maana kuliko zote na ndo wengi wanaikosa: mara mwandishi anapomaliza kujibu maswali anakaa mezani kusaini, na gitaa linaanza hapohapo, lisisubiri. Watu wakisikia "ahsanteni kwa kuja" halafu kimya wanainuka wote wanaenda kutafuta bajaji, wakisikia mziki wanabaki, wanazunguka, wanashika vitabu, wanapanga foleni. Mi kwa daftari langu zaidi ya nusu ya mauzo ya siku inatokea kwenye hiyo dakika ishirini ya mwisho.

Mwandishi asisome zaidi ya dakika kumi kwa mkupuo, hata akiwa maarufu. Na usimwache peke yake pale mbele, mtafutie wa kumuuliza, na huyo muulizaji awe amekisoma kitabu mpaka ukurasa wa mwisho, sisemi amekipitia, amekisoma. Niliwahi kumpa nafasi hiyo mtu mwenye jina kubwa hapa mjini, akaja hajakifungua, akamuuliza mwandishi "hebu tuambie kitabu chako kinahusu nini", nilimwonea huruma yule dada mwandishi. Tangu siku hiyo namtumia mwalimu wa fasihi wa sekondari ya jirani, anakisoma kwa kalamu, na faida nyingine anakuja na wanafunzi wake wa kidato cha tano na sita, na hao ndo wanaouliza maswali ya kweli. Kuhusu maswali nagawa vikaratasi na kalamu, watu waandike, muulizaji anachagua. Ukitoa maiki kwa watu kuna mtu atahutubia robo saa, na wadada waliokaa nyuma wenye swali zuri hawataongea kabisa, kwenye karatasi wanaandika.

Vitabu viwe dukani siku tatu kabla, mezani, vimehesabiwa. Mara moja mchapishaji mmoja aliniahidi nakala 80 zitafika na basi la asubuhi siku ya shughuli, hazikufika, mwandishi akaja na nakala 12 kwenye begi lake, na ukumbi umejaa. Ziliisha dakika tano na watu waliobaki walisema watarudi wiki ijayo, hawakurudi, mtu anataka kitabu wakati moyo bado umepata moto. Mi nachukua mali kauli, yaani nalipia vilivyouzwa tu, najibakizia asilimia 30, na tunahesabu mbele ya mwandishi tunaandika kwenye karatasi mbili tunasaini wote, jioni hiyohiyo namlipa vilivyouzwa kabla hajaondoka. Waandishi wetu wameshaumizwa sana na mali kauli, wanaacha vitabu madukani mwaka mzima hawaoni hela, we ukimlipa siku hiyohiyo atawaambia wenzake na hutatafuta mwandishi tena, watakutafuta wao.

Mpiga gitaa pia alipwe, na mkubaliane kabla. Asiambiwe tunampa nafasi ya kujitangaza, ametumia nauli, amenunua nyuzi, amefanya mazoezi siku tatu. Mi wa kwangu namlipa elfu hamsini na chakula, nusu nampa siku ya mazoezi ya mwisho na nusu akimaliza shughuli, na akitunzwa ni yake yote.

Kiingilio nimejaribu njia zote. Bure wanakuja wengi, wananunua wachache, na unakuta wengine wamefuata soda. Kiingilio cha kawaida watu wananung'unika, wanasema kuingia dukani nilipie? Iliyokubali ni hii: elfu tano mlangoni, unapewa tiketi, na hiyo tiketi ni elfu tano ya kitabu, yaani kitabu cha elfu kumi na tano unaongeza kumi tu. Mtu akishika tiketi hataki ipotee. Wanafunzi wakiwa na sare bure. Na weka lipa namba ukutani kwa maandishi makubwa maana wengi hawatembei na keshi.

Muda: Jumamosi saa kumi jioni, na ahidi kumaliza kabla ya magharibi, kisha timiza. Huku jua linazama saa kumi na mbili na nusu hivi, kina mama wanataka wawe njiani, na msikiti ukiwa karibu hutaki gitaa linalia wakati wa adhana. Ukichelewa kuanza nusu saa umeshaharibu mwisho, na mwisho ndo mauzo. Wiki ya mwisho ya mwezi mishahara imeingia, usifanye tarehe za katikati. Januari usifanye kabisa, wazazi wamemalizika na ada na madaftari, na wewe mwenyewe utakuwa umebanwa na vitabu vya kiada. Mi kubwa yangu ya mwaka naifanya Saba Saba, ni sikukuu na ndo siku ya Kiswahili duniani iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2021, shule zinajitafutia kitu cha kufanya siku hizo.

Kibali nenda kwa afisa utamaduni wa halmashauri na serikali ya mtaa mapema, usisubiri uulizwe. Kama mpigaji anapiga nyimbo zake mwenyewe ni rahisi, kama anapiga za watu uliza COSOTA, ofisi ya hakimiliki, utaratibu wa malipo, sheria ya hakimiliki iliyopo ni ya 1999 na sisi tunaolia vitabu vyetu vinatolewa kopi barabarani hatuwezi kula jasho la mtunzi wa nyimbo. Na mwambie jirani kwa mdomo wako, mpelekee na kiti aje kukaa.

Halafu hili ulilosema la kuagiza mwanamziki Dar sijalielewa. Morogoro! Mji wa bendi za zamani za Cuban Marimba na Morogoro Jazz, mji wa wanamziki wake Salum Abdallah na Mbaraka Mwinshehe, lazima mtaani kwenu kuna wazee bado wana magitaa chumbani au kuna vijana wamefundishwa nao. Ulizia kwa mafundi redio na wanaorekebisha magitaa, watakupeleka. Mzee mmoja, kiti kimoja, gitaa kavu.

Umesema mwandishi wako wa kwanza ni yule mwenye hadithi fupi za reli. Basi mpe mzee kitabu wiki hii, wala usimwambie apige nini. Viti ishirini na tano vinatosha kwa fremu mbili, acha njia ya kufikia shelfu, mtu akiwa amekaa aweze kunyoosha mkono akafikia kitabu. Ukishapata tarehe niambie, ntapanda basi nije kukushikia meza ya mauzo siku hiyo wewe ukae na wageni wako.